Somo juu ya Maumivu ya Kiwiko na Namna ya Kuyatibu kwa Mikono

Ndugu msomaji, simama kwanza, uache mkono wako wa kuume uning'inie, kiganja kikitazama mbele. Sasa kunja kiwiko kidogo, nao wengine hukiita kiko, na kwa vidole vya mkono wa kushoto papasa upande wa nje, yaani upande ule wa kidole gumba. Utaona kinundu cha mfupa. Bonyeza hapo, na mbele yake kidogo. Kama huna ugonjwa utasikia mfupa tu. Lakini yuko mtu ambaye ukimbonyeza hapo ataruka kwa maumivu. Hawezi kuinua sufuria. Akisalimiana kwa mkono anakunja uso. Hata kufungua mfuniko wa chupa ni taabu. Somo hili ni kwa ajili yake, na kwa ajili yako wewe unayetaka kumsaidia, kama wewe ni mwuguzi wa zahanati au ndugu yake wa nyumbani.

Wazungu waliuita ugonjwa huu kiwiko cha tenisi, kwa sababu katika karne ya 19 uliwapata watu wa Uingereza waliocheza mchezo huo wa kupiga mpira kwa kitu kama pepeo lenye nyuzi. Jina limebaki, lakini usidanganywe nalo. Wengi walio nao hawajashika kitu hicho hata mara moja. Utamwona mama atwangaye sombe, fundi wa matofali na mwiko wake, seremala na bisibisi, mchimbaji wa mawe na nyundo yake, mshonaji na mkasi, kijana wa Goma asukumaye chukudu iliyojaa viazi, mwendesha pikipiki ashikaye usukani mchana kutwa. Huwapata zaidi watu wa miaka 35 mpaka 55, na kwa kawaida katika mkono ule wa kazi. Katika watu wazima 100, mmoja mpaka watatu wanao.

Yafaa kwanza kujua kinachoumia. Funga ngumi kwa nguvu, na kwa mkono mwingine shika kigasha chako upande wa juu, karibu na kiwiko. Umesikia nyama ikikaza? Hiyo ndiyo misuli inayoinua kiganja. Pengine utashangaa: kwa nini misuli ya kuinua kiganja ifanye kazi wakati ninapofunga vidole? Sababu ni hii. Ukishika kitu kwa nguvu, vidole vinataka kukunja kifundo cha mkono ndani, na misuli hii inavuta upande wa pili ili kifundo kisimame imara. Kwa hiyo kila unaposhika mchi, jembe, ndoo au nyundo, misuli hii inafanya kazi nawe, ingawa huioni. Yote imefungwa kwenye kinundu kile kidogo kwa kano, yaani kamba ngumu nyeupe inayounganisha msuli na mfupa. Mzigo wa mkono mzima unafika mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba.

Zamani tulifundishwa ya kuwa kano hiyo imewaka kama jipu. Sivyo. Mwaka 1979 madaktari wawili wa Marekani, Nirschl na Pettrone, walieleza walichokiona katika kano walizozikata wakati wa kupasua. Hawakuona dalili za kuwaka. Waliona kano iliyochakaa, nyuzi zake zimevurugika, kama kamba ya kisima iliyosuguliwa siku nyingi ikaanza kufumuka. Neno hili si la wasomi tu. Kitu kilichowaka hutulizwa kwa kupumzishwa na kwa dawa za kuzima moto. Kamba iliyochakaa yahitaji kusukwa tena, na kano ya mwili husukwa kwa kuvutwa polepole, kidogo kidogo, siku nyingi. Kano isiyovutwa kabisa inazidi kuwa dhaifu.

Tena, ukimwambia mama, "Pumzisha mkono wiki sita," umemwambia nini? Nani atatwanga? Nani atafua nguo za watoto, na kulima, na kuchota maji? Atakuitikia, "Ndiyo, mwuguzi," naye ataondoka, na jioni ileile ameshika mchi. Wala si mkaidi. Watoto wana njaa. Dawa isiyowezekana nyumbani si dawa, basi tutafute iwezekanayo.

Kupima mgonjwa

Mketishe mgonjwa, mkono ukilala juu ya meza, kiwiko kimenyooka, kiganja kikitazama chini. Mwambie ainue kiganja, na wewe umzuie kwa kukandamiza mgongo wa mkono wake. Maumivu yakija pale kwenye kinundu, ni dalili kubwa. Kisha mwambie ainue kidole cha kati peke yake, umzuie vilevile. Mwisho nyosha kiwiko chake, geuza kiganja chini, na ukunje kifundo chake taratibu mpaka nyama ya kigasha ivutwe. Mambo haya matatu yakileta maumivu yale anayoyajua yeye, mahali palepale, una hakika ya kutosha. Picha ya radi si lazima.

Pima nguvu pia. Labda huna chombo cha kupimia nguvu za mkono, lakini kile cha kupimia tension ya damu unacho. Kunja kitambaa chake kama mkate mdogo, ukifunge, upulize mpaka mshale ufike 20. Mpe mgonjwa akishike, kiwiko kimenyooka, akiminye polepole, na aache mara maumivu yanapoanza tu, asishindane nayo. Soma mshale umefika wapi. Rudia mara tatu, na kati ya mara hizo apumzike kidogo. Pima mkono mzima vivyo hivyo, uandike yote katika karatasi yake. Kipimo hiki kitakuambia kweli siku zijazo, maana mgonjwa husahau jinsi alivyoumwa mwezi uliopita, na mwuguzi naye husahau.

Lakini si kila kiwiko kinachouma ni ugonjwa huu, na mikono yetu yaweza kudhuru. Kama kiungo kimevimba, kina moto, na mgonjwa ana homa, usikikande. Mpeleke kwa daktari siku ileile, kwa maana usaha ndani ya kiungo unaweza kukila kwa siku chache. Kama kiungo kimevimba polepole kwa miezi, na mtu amekonda, anatoka jasho usiku, fikiri kifua kikuu, ambacho chaweza kukaa katika mfupa pia. Kama alianguka na hawezi kunyosha kiwiko, huenda mfupa umevunjika. Kama maumivu yanatoka shingoni yakishuka, au vidole vina ganzi, tafuta shida shingoni. Kama hawezi kunyosha vidole, ingawa havimwumi, mshipa wa fahamu umebanwa. Mtoto mdogo aliyevutwa mkono akaacha kuutumia ana shida nyingine kabisa, wala usimsugue. Na mwenye ugonjwa wa seli mundu hupata maumivu ya mifupa kutokana na damu yake, si kwa kazi.

Kusugua kano

Njia hii ilifundishwa na James Cyriax, daktari wa London, aliyeandika juu ya kiwiko hiki mwaka 1936. Si ile kazi ya kukanda mkono mzima kwa mafuta ya mawese. Hiyo inaleta joto na raha, nami siikatazi, lakini haifiki kwenye kano.

Kiwiko cha mgonjwa kikunjwe kama pembe ya meza, kiganja kikitazama juu. Weka ncha ya kidole gumba chako mbele ya kinundu, pale hasa panapouma. Vidole vyako vingine vishike upande wa ndani wa kiwiko ili upate nguvu. Sasa sugua kwa kukata nyuzi za kano, si kwa kuzifuata. Kama mtu apitishaye msumeno juu ya ubao, si kama apitishaye kisu kando ya kamba. Ngozi ya mgonjwa iende pamoja na kidole chako. Kikiteleza juu ya ngozi utamchubua na kano hutaifikia, ndiyo sababu hatutumii mafuta. Anza kwa wepesi. Baada ya dakika mbili hivi mahali pale huanza kufa ganzi kidogo, ndipo unaweza kukandamiza zaidi. Endelea mpaka dakika 10. Fanya siku moja, acha siku moja. Maumivu yakizidi wakati wa kusugua, punguza nguvu. Mgonjwa asikunje meno. Mwuguzi anayedhani kwamba dawa chungu ndiyo inayoponya atawafukuza wagonjwa wake wote.

Usisugue penye kidonda, wala penye ngozi yenye ugonjwa, wala mtu anayemeza dawa za kuzuia damu isigande.

Niseme wazi: wataalamu waliokusanya majaribio mwaka 2014 hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kusugua huku peke yake kunaponya. Kwa hiyo kutumie kama kifungua mlango. Maumivu yakitulia, mgonjwa apate kufanya mazoezi tutakayoyaeleza.

Iko pia njia ya Mills, wa mwaka 1928, ya kunyosha kiwiko ghafula kwa nguvu huku kifundo kimekunjwa. Nimeitaja ili ukiona mtu akiifanya ujue ni nini. Usiijaribu kama hukufundishwa na mtu wa kine hospitalini, akisimama kando yako. Kiwiko kisichonyoka chote kikipigwa hivyo kinaweza kuumia vibaya.

Kusukuma kigasha

Njia hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe anaona matunda yake palepale, au anaona kwamba haimfai. Ilitoka kwa Brian Mulligan wa New Zealand. Mgonjwa alale chali kitandani, mkono ukilala kando ya mwili, kiwiko kimenyooka, kiganja kikitazama chini. Mpe kile kitambaa cha tension, au nguo iliyokunjwa, akiminye mpaka maumivu yaanze. Sasa unajua anapoanzia.

Weka mkono wako mmoja upande wa nje wa mfupa wa juu, karibu kabisa na kiwiko, uushike usiende popote. Weka mwingine upande wa ndani wa kigasha, chini tu ya kiwiko, karibu na mwili wake. Kwa mkono huo sukuma kigasha kwenda nje, polepole, na ukishikilie hapo. Mwendo wake ni mdogo sana. Ukiendelea kushikilia, mwambie mgonjwa aminye tena. Kama umeshika vizuri, ataminya kwa nguvu zaidi bila maumivu, naye atakutazama kwa mshangao. Aachie kwanza, ndipo nawe uachie. Rudia mara 6 mpaka 10, pumzika, kisha rudia tena.

Kanuni yake ni moja: lazima pasiwe na maumivu. Yakiwapo, geuza kidogo njia ya kusukuma, juu kidogo au chini kidogo, ujaribu tena. Ukijaribu mara tatu nne na bado anaumwa, acha. Njia hii si yake. Mikono ya mwuguzi ikichoka, apitishe mkanda mpana begani mwake na kuzunguka kigasha cha mgonjwa, avute kwa mwili wake badala ya vidole.

Mgonjwa anaweza kujifanyia nyumbani. Asimame mlangoni, aegemeze upande wa nje wa mkono wa juu kwenye mwimo wa mlango, kiwiko kidogo tu mbele ya mwimo, kigasha kikipita. Kwa mkono mzima asukume kigasha kwenda nje, huku mkono unaouma ukifunga na kufungua ngumi. Mlango wowote wafaa, hata wa nyumba ya udongo, kama mwimo wake hautikisiki.

Kazi ya mgonjwa mwenyewe

Hapa ndipo kano inaposukwa upya. Ukikosa muda wa yote mengine, fundisha haya tu.

Juma la kwanza, au siku maumivu yanapokuwa makali, mgonjwa aweke kigasha mezani, kiganja chini. Mkono mzima ukae juu ya mgongo wa ule mgonjwa na kuuzuia. Ajaribu kuinua kiganja bila kiganja kusogea. Ashikilie nusu dakika, apumzike, arudie mara tano.

Kisha atafute chupa ya plastiki, atie maji nusu lita. Huo ni uzito wa nusu kilo. Kigasha kilale mezani, kiganja kikitazama chini, mkono ukining'inia nje ya ukingo, umeshika chupa. Ainue chupa kwa msaada wa mkono mzima. Aache ule mkono mzima. Sasa aishushe chupa polepole kwa mkono unaouma peke yake, akihesabu mpaka tano. Kuinua si dawa. Kushusha ndiyo dawa. Mara 10, apumzike, mara 10 tena, na mara 10 ya tatu. Kila siku. Ikiwa rahisi kwa siku kadhaa, aongeze maji kidogo kidogo mpaka lita moja.

Atakuuliza, "Inauma kidogo, niache?" Mjibu hivi: kama hesabu ya maumivu ni kutoka 0 mpaka 10, mpaka 3 haina neno. Lakini asubuhi ya kesho mkono usiwe mbaya kuliko leo. Ukiwa mbaya, apunguze maji, asiache zoezi. Mwambie pia tangu siku ya kwanza kwamba kazi hii ni ya wiki 6 mpaka 12. Asiyeambiwa hivyo ataacha wiki ya pili, akisema dawa imeshindwa.

Wakati huohuo abadili namna ya kushika vitu. Sufuria na ndoo aziinue viganja vikitazama juu, kwa mikono miwili. Mchi auache uanguke kwa uzito wake, asiukaze sana, naye abadilishe mikono. Nguo azikamue kwa kuzizungusha kwenye mti, au mtu wa pili ashike upande mwingine. Mpini mwembamba wa jembe au nyundo aufunge vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli mpaka unenepe kidogo, maana mpini mwembamba unataka kushikwa kwa nguvu zaidi. Fundi aweza pia kufunga kitambaa chenye upana wa vidole vitatu kuzunguka kigasha, vidole viwili au vitatu chini ya kinundu, wakati wa kazi tu. Vidole vikipata ganzi au baridi, amefunga mno.

Juu ya sindano

Wengi watakuja wakiomba sindano ya kotizoni. Wamesikia kwamba jirani alichomwa, na kesho yake akatwanga. Ni kweli. Na hapo ndipo penye mtego.

Mwaka 2002 madaktari wa Uholanzi walieleza habari za wagonjwa 185 waliogawanywa sehemu tatu. Wengine walipata kotizoni, wengine matibabu ya mikono na mazoezi mara 9, wengine waliachwa wangoje, wakipewa mashauri tu. Baada ya wiki 6, waliofanikiwa kati ya 100 walikuwa 92 kwa sindano, 47 kwa mikono, na 32 kwa kungoja. Kama ungefunga kitabu hapo, ungesema sindano imeshinda. Lakini baada ya mwaka mmoja walikuwa 69 kwa sindano, 91 kwa mikono, na 83 kwa kungoja. Sindano ilikuwa ya mwisho. Mwaka 2013 wataalamu wa Australia walitoa habari za wagonjwa 165. Waliochomwa kotizoni, maumivu yaliwarudia 54 katika 100 kabla ya mwaka kwisha. Waliochomwa maji ya chumvi tu, ni 12.

Mweleze mgonjwa hesabu hizi kwa utaratibu, usimkemee. Mtu anayekula kwa mkono wake anaona njaa ya leo, na wiki 6 za nafuu ni kitu kikubwa kwake. Lakini akijua kwamba nafuu hiyo huenda akailipa msimu ujao wa kulima, achague mwenyewe. Tena asichomwe na mtu wa sokoni kwa bomba asilolijua lilikotoka. Bomba chafu huleta usaha katika kiungo, na homa ya ini, na ukimwi. Vilevile kuchanjwa chale juu ya kinundu hakufiki kwenye kano, na majani yaliyochemshwa yakiwekwa moto mno yanaunguza ngozi.

Umeona pia kwamba kati ya waliongoja tu, 83 katika 100 walikuwa wema baada ya mwaka. Kwa hiyo usijisifu sana mgonjwa wako akipona. Faida ya mikono yako ni kwamba anafika huko mapema zaidi, akiendelea na kazi zake, bila kuchomwa na bila kuuza mbuzi kwa ajili ya dawa.

Mwite arudi baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi, na kila mara umpe tena kile kitambaa cha tension akiminye. Kama baada ya miezi 6 mshale hausogei, ingawa amefanya mazoezi kweli, mpeleke kwa daktari. Wachache sana huhitaji kupasuliwa. Na akija akisema maumivu yamekwisha, usifunge karatasi yake siku hiyo. Linganisha mkono huo na ule mzima, umpe chupa yake aendelee nayo wiki sita tena.